Globu na Waya Zisipopatana

Ndugu msomaji, ukisafiri usiku kutoka Mombasa kwenda Malindi, hasa ukishaipita Kilifi ambako nyumba hupungua na giza huzidi, utakutana na magari ya namna mbili yatakayokutaabisha. La kwanza ni lile lijalo na taa mfano wa kibiriti kilicholowa. Hujui kama ni gari au ni baiskeli mpaka limekufikia. La pili ni lile lijalo na mwanga wa kupofua, nawe ukamwashia mwenye kuliendesha mara moja, mara mbili, kumwomba apunguze, naye hapunguzi. Kumbe maskini ameshapunguza zamani. Taa zake ndivyo zilivyo.

Na wanaotaabika si madereva peke yao. Kandokando ya njia hiyo wako wanaotoka msikitini baada ya isha, wako kina mama waliovaa mabuibui meusi na watoto mkononi, wako wenye baiskeli na mikokoteni. Hao hawana taa kabisa, wategemea yako.

Watu husema magari hayo yamezeeka. Mimi sikubaliani nao. Aghalabu ila haiko katika umri wa gari, iko katika globu na waya zisizopatana. Globu ya zama hizi imetiwa ndani ya taa ya zama zile, au plagi ya miguu mitatu imepewa waya mbili, na aliyeifanya kazi hiyo akaona taa imewaka, akaosha mikono, akadai ujira wake. Lakini kuwaka ni jambo moja na kumulika ni jambo jingine.

Wazee wetu waliotumia kandili walilijua hili vyema. Kandili ilikuwa na utambi wake na chemni yake. Utambi wa kandili kubwa hauingii katika kandili ndogo, na ukiupandisha kupita kiasi hupati nuru zaidi ila masizi, chemni ikawa nyeusi kabla ya chakula cha usiku kuandaliwa. Ajabu ni kuwa mtoto wa nyumba hiyo hiyo, akiwa leo mtu mzima mwenye gari, taa ikimfifilia jambo la kwanza alifanyalo ni kwenda dukani kuomba globu yenye wati nyingi zaidi.

SURA MOJA, TABIA TATU

Nitachukua mfano wa Land Rover, kwa kuwa ndilo gari la zamani lijulikanalo sana huku kwetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Nazungumzia zile ziitwazo Series II na Series III, zilizoundwa tangu 1958 hadi 1985. Taa zake kubwa ni za duara, upana wake inchi 7, na kwa kuwa kipimo hicho kilitumiwa na magari mengi duniani, taa zake bado zapatikana madukani. Hiyo ni neema, na ndipo mtego ulipo. Kwa nje taa hizo zafanana kama mapacha, kumbe ndani ziko za namna tatu.

Ile ya kale hutumia globu yenye kola ya bati, ambayo nyuma yake hugusana na waya mbili tu, moja ya fuli na moja ya dimu. (Mafundi wetu husema fuli na dimu, nami nitasema kama wao.) Umeme wa kurudi hupitia kwenye kola yenyewe na mwili wa taa. Ya pili ni taa iliyozibwa, kioo na sahani na utambi vyote kitu kimoja. Utambi ukikatika watupa taa nzima. Ya tatu ni ile yenye globu ya halojeni iitwayo H4, ya wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Hizi mbili za mwisho zina miguu mitatu nyuma, na plagi yao ni moja. Mwenye taa ya kuzibwa akitaka kuingia katika H4, huichomoa plagi na kuichomeka, basi. Mwenye taa ile ya kale hana bahati hiyo. Ana waya mbili mkononi na miguu mitatu mbele yake, na hapo ndipo vituko huanza.

Waya zenyewe, kama hazijachezewa, zajieleza kwa rangi. Magari ya Kiingereza ya zama hizo yalifuata utaratibu wa kampuni ya Lucas. Waya ya buluu tupu hutoka kwenye swichi ya taa kwenda kwenye swichi ya kubadilishia, ya buluu yenye mstari mweupe ni fuli, ya buluu yenye mstari mwekundu ni dimu, na nyeusi ni athi. Lakini ni Land Rover ngapi za umri huo ambazo waya zake hazijakatwa, zikaungwa kwa waya ya redio, zikafungwa tepu, na tepu nayo ikafungwa tepu?

LAND ROVER YA KUBEBEA WAGONJWA

Hivi karibuni nilikaa katika gereji moja mjini Malindi, baada ya adhuhuri hadi jua kuzama, nikimwangalia fundi wa umeme akilitibu gari la namna hii. Ni Series III ya mzee mmoja wa vijiji vya kaskazini. Kijijini kwao ndilo gari la wagonjwa, na ndilo linalobeba jeneza ikibidi. Kilichomleta ni safari ya usiku mmoja, alipompeleka mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Nusu ya njia aliendesha huku mume wa yule mwanamke akiitoa kurunzi nje dirishani kumwonyesha mashimo. Mwenyezi Mungu akasitiri, wakafika, na mtoto akazaliwa salama. Lakini yule mzee akaapa kuwa hasafiri tena usiku mpaka taa zimekuwa taa.

Ukimsikiliza alivyoeleza ugonjwa, ungedhani ni habari za mashetani. Akiweka dimu, taa ya kulia yawaka vizuri kidogo, ya kushoto yawa nyekundu kama kaa la mkaa, na ile taa ndogo ya buluu kwenye dashibodi, ambayo ni ya fuli peke yake, nayo yang'ara kwa mbali. Globu ya kushoto alikwisha kuibadilisha mara tatu.

"Ami," fundi akamwambia, naye ni kijana wa kumzaa, "globu haina kosa. Umeme umekosa njia ya kurudi kwao."

Maneno hayo ndiyo ufunguo wa mambo yote, kwa hiyo naomba tuyafuate polepole. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi, huingia kwenye utambi, kisha lazima urudi betrini kwa waya ya athi. Katika taa ya kushoto ya gari hili athi ilikuwa imekatika. Umeme wa dimu ukaingia, ukaupita utambi wa dimu, ukakuta mlango wa kutokea umefungwa. Basi ukapita kwenye utambi wa pili, ule wa fuli, ukatoka kinyumenyume kwenye waya ya fuli, ukaenda kuitafuta athi katika taa ya kulia na katika ile taa ndogo ya dashibodi. Njia ndefu namna hiyo humaliza nguvu yote ya umeme. Tambi zote mbili zawaka (tambi za globu, si za kufuturia) lakini hapana hata moja inayowaka sawasawa. Kwa hiyo ukiona taa ya buluu inang'ara nawe hujaweka fuli, usiinunue globu. Tafuta athi.

Aliipata mahali alipoitarajia. Mwili wa Land Rover si wa chuma, ni wa aina ya alumini, nayo athi ya taa ilikuwa imefungwa kwenye bawa la mbele kwa skrubu ya chuma. Chuma na alumini zikikaa pamoja mahali penye unyevu wa chumvi hulana. Pwani hii chumvi haiko baharini tu, iko hewani, na kila aliyeweka sufuria ya bati dirishani aijua. Chini ya skrubu ile palikuwa pamejaa unga mweupe kama chokaa, na umeme haupiti kwenye chokaa. Fundi hakusugua na kufunga tena kama wafanyavyo wengi. Alivuta waya nyeusi mpya kutoka kila taa hadi kwenye chesesi mahali pasafi, na nyingine kutoka chesesi hadi betri upande wa hasi, akapaka grisi juu ya viungo.

Kisha akaigeukia taa ya kulia, ile iliyosifiwa kuwa ni nzima. Naam, iliwaka, lakini ilimulika minazi.

KIKOMBE KILICHOPINDULIWA

Hapa yafaa tuitazame globu ya H4 kwa karibu, kwani ina hikma ndani yake. Utambi wa dimu umekaa mbele, na chini yake pana kikombe kidogo cha bati kiukingao. Kwa sababu ya kikombe hicho mwanga wa dimu hupiga nusu ya juu tu ya sahani ya taa, nayo huurudisha chini, barabarani. Utambi wa fuli hauna kikombe, hutumia sahani nzima, ndiyo maana hufika mbali. Ili kikombe kisikae kombo, globu imetengenezewa mapezi matatu ambayo hayakupangwa kwa nafasi sawa. Yaingia kwa njia moja tu.

Taa ya kulia ya gari lile ilikuwa ya zamani na tundu lake si la H4. Mtu fulani huko nyuma alichukua tupa, akayala mapezi, akaizungusha globu mpaka ikaingia, akaifunga kwa waya mwembamba. Kikombe kikakaa kwa ubavu. Kwa hiyo kila aliyekutana na mzee yule usiku alipigwa machoni na mwanga wa dimu. Wako wanaozifanyia hivyo taa mbili zote, na akijaliwa mtu kukiweka kikombe juu chini, mwanga wote hupanda mbinguni, na njia ikabaki giza chini ya magurudumu yake. Dawa ya hili ni moja tu, kununua taa yenye tundu la globu unayotaka kuitia. Tupa haina kazi hapa.

Palikuwa na shaka moja zaidi, kwamba plagi ilibadilishwa na rangi za waya zilikwisha kupotea. Ataujuaje mguu upi ni upi? Fundi akachukua waya mbili za betri na globu mezani. Alijaribu miguu miwili miwili. Jozi ya kwanza, ukawaka utambi mmoja kwa nguvu. Jozi ya pili, ukawaka wa pili kwa nguvu. Jozi ya tatu, zikawaka zote mbili kwa unyonge. Basi mguu ule ambao haumo katika jozi ya unyonge ndio wa athi, na hii miwili ni fuli na dimu. Wenye utambi uliofunikwa na kikombe ndio dimu. Kwenye gari nako akatumia taa ya kupimia, yaani globu ndogo yenye waya mbili. Waya wenye umeme ukiweka dimu ni wa dimu, wenye umeme ukiweka fuli ni wa fuli, na usio na umeme kamwe ndio athi. Ilimchukua muda mfupi kuliko nilivyochukua kuandika.

Na hapa niseme jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: globu ya halojeni isishikwe kigae chake kwa vidole. Mafuta ya mkono hubaki pale, kigae kikapata moto vibaya, na globu ikafa kabla ya siku zake.

WATI NYINGI, WAYA NYEMBAMBA

Yule mzee alikuwa na globu nyingine mfukoni, mpya, za wati 100 kwa 90, alizoshauriwa azinunue. Fundi alizirudisha kwenye boksi lake. Hesabu yake haina ugumu. Wati 100 kwa volti 12 ni ampea 8 na zaidi. Globu mbili ni zaidi ya 16. Waya na swichi za gari la zama zile hazikukusudiwa mzigo huo. Waya hupata moto, plagi huyeyuka, sahani ya taa huungua ikapoteza mng'aro. Lililo kubwa kuliko yote ni kuwa katika Land Rover hizi taa kubwa hazikupitishiwa kwenye fyuzi hata moja. Waya ikichubuka ikapiga shoti, hapana cha kuikata ila moto wenyewe. Altaneta ya Lucas iliyofungwa katika Series III nyingi nayo yatoa ampea 34 tu, na humo mna kuchaji betri, waipa, na mengineyo.

Badala yake akapima. Injini ikinguruma, betri ilikuwa na volti 14. Akapima nyuma ya taa ikiwa imewashwa, akakuta 12. Volti mbili zilipotelea njiani, katika swichi iliyochakaa na viungo vyenye kutu ya kijani. Msomaji aweza kusema, volti mbili ni nini? Lakini mwanga wa globu haushuki sawa na volti, huporomoka. Kutoka 14 hadi 12 globu hupoteza kama sehemu mbili katika tano za nuru yake. Maana yake ni kuwa globu ile ile ya wati 55, ikifikiwa na umeme wake kamili, ni taa nyingine kabisa.

Dawa yake ni rilei mbili, moja ya fuli na moja ya dimu. Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme. Waya za zamani hubaki na kazi nyepesi ya kuibonyeza, kazi isiyofika hata robo ampea. Umeme wa kuwasha taa huletwa na waya mpya nene, ya milimita za mraba 2.5, moja kwa moja kutoka betrini, ikipitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri kwa kila rilei. Swichi hupumzika, taa hushiba, na fyuzi ambayo gari halikuwa nayo tangu kuzaliwa sasa ipo. Alipomaliza akapima tena, ikawa chini ya nusu volti kupotea.

ZAWADI ZA DUBAI

Sasa kuna ndugu zetu walioko Dubai na Maskati. Mtu akimwambia nduguye kuwa taa imevunjika, haipiti mwezi taa nzima mpya imefika katika sanduku, na dua huombwa. Lakini kule watu hupita kulia, sisi twapita kushoto. Taa ya dimu haikutengenezwa kumulika sawa pande zote. Upande mmoja mwanga wake huinuka ili kuonyesha kando ya njia na waendao kwa miguu. Kwetu wapaswa uinuke kushoto. Taa ya Dubai huinuka kulia, yaani kwenye macho ya ajaye mbele yako, na huku kushoto yule mama mwenye buibui hamuoni mtu.

Hapana globu wala skrubu ya kurekebisha hilo, kwani ila iko katika michoro ya kioo chenyewe. Tazama kioo kabla ya kulipa au kabla ya ndugu yako kulipa. Kwenye taa zenye alama ya herufi E ndani ya duara, mshale ulioelekea kulia kwako wewe unayeitazama taa ni wa nchi za kupita kushoto kama yetu. Mshale wenye ncha mbili ni wa kotekote. Isiyo na mshale ni ya kupita kulia. Iacheni huko huko.

Mwenye Toyota naye asidhani ameokoka. Katika Land Cruiser na Hilux nyingi za zamani mambo yamepinduliwa, mguu wa katikati ya mambo, ambao kwa Land Rover ni athi, huko ndio wenye umeme daima, na swichi hukata athi. Globu ya utambi haijali umeme waingilia mlango gani. Lakini fundi aliyezoea magari ya Kiingereza akifunga rilei zake kwa mazoea, taa zitamchezea shere. Na globu za LED zinazouzwa siku hizi kila pembe, nyingi zajali: ukizipa umeme kinyume, haziwaki. Ndivyo ilivyo pia kwa Land Rover za kabla ya 1967, ambazo athi yake ilikuwa upande wa chanya. Hata zikiwaka, katika taa iliyotengenezewa utambi mwanga wa LED hautoki pale pale ulipotoka utambi, na sahani huutawanya ovyo. Mwenye gari husimama mbele ya ukuta wake akaona weupe mwingi akafurahi. Anayekuja mbele yake ndiye ajuaye.

Magharibi ilipokaribia, Land Rover ilisogezwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta wa gereji. Fundi alipima urefu wa taa kutoka chini, akaupiga chaki ukutani, kisha akapiga mstari wa pili sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa dimu wapaswa uguse mstari huo wa pili. Akageuza skrubu za taa ya kushoto, kisha za kulia, mpaka ukakaa. Yule mzee akatazama kwa muda, halafu akasema gari lake halisafiri tupu. Akawaita vijana waliokuwa wakicheza bao barazani, wakapanda sita nyuma. Pua ya gari ikainuka, na mwanga ukapanda juu ya mistari yote miwili. Fundi akacheka, akainama tena na bisibisi yake, akauteremsha huku vijana wale wakiwa wamekaa pale pale.